Mgeni Mkuu Iko Ndani

Mimi ni msanifu majengo, lakini Kigali nimeshakubali kuitwa injinia. Nimechoka kusahihisha watu. Hasira zangu nimezitunza kwa ajili ya milango.

Mlango ulionikera kuliko yote ulikuwa Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye ukumbi mpya wa harusi. Ulikuwa mmoja tu kwa watu mia tatu, na ulifungukia ndani. Mwenye ukumbi, mzee aliyekulia Uganda akarudi nyumbani na kichwa kigumu, alikuwa anamwoza binti yake humo baada ya wiki tatu, na alitaka sahihi yangu. Nilimweleza kwamba kanuni zinataka milango miwili, yote ifungukie nje, maana watu wanaokimbia moto hawarudi nyuma kuvuta mlango. Akasema mlango wa pili ungetoboa ukuta wa jukwaa la maharusi, na ukuta huo alikuwa ameshaupaka rangi ya dhahabu. Nilimwogopea yule binti, na nilisema hivyo waziwazi. Mzee akacheka.

Mwishowe tukapatana. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani wakishamaliza kuzibua mitaro, mkutano wao ungefanyika ukumbini na mimi ningewafundisha kanuni. Kisha tungejaribu. Wakitoka upesi kwa mlango mmoja, natia sahihi; wakishindwa, anavunja ukuta. Najua, msanifu mwenye akili hachezi kamari na kanuni. Lakini nilikuwa na uhakika wa kushinda.

Nilifundisha vizuri, nijisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyenisifu. Nilipima upana wa mlango kwa mabega ya fundi mmoja mnene, nikaeleza kwamba moshi huua kabla ya moto. Wakatikisa vichwa kukubali, wengine wakaandika. Nikashika saa, nikagonga mfuniko wa sufuria, nikatangaza kwamba moto umeanza.

Wote wakasimama. Hakuna aliyetoka.

Nikagonga tena. Wakanitazama kwa heshima kubwa. Dakika moja ikapita, ya pili nayo ikapita. Kwa hesabu zangu tulikuwa tumeshaiva wote. Mwenye ukumbi hakujua kama ameshinda au ameshindwa. Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akanionea huruma.

"Injinia, wewe ndiye mgeni mkuu," alisema. "Mgeni mkuu iko ndani, sisi tutatoka namna gani?"

Nilitaka kubisha, lakini nikakumbuka sherehe zote nilizohudhuria mjini hapa, watu wametulia vitini na njaa zao hadi mkubwa mmoja ainuke. Basi nikaenda mlangoni. Wakanifuata wote, kwa adabu, karibu kabisa, hadi pua yangu ikagusa mbao. Mlango ulihitaji nafasi ya kufungukia ndani, na nafasi hiyo ilikuwa imejaa mtaa mzima. Niliwaomba warudi nyuma. Wa mbele walikuwa tayari. Wa nyuma hawakusikia, wakaendelea kunisindikiza.

Mwenye ukumbi alikuwa amebanwa ubavuni mwangu, kofia imemwangukia machoni.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Nitavunja."

Na alivunja kweli. Wiki ya harusi milango ilikuwa miwili, yote inafungukia nje, nikatia sahihi bila kinyongo. Kumbe mzee naye alikuwa amelishika somo. Siku yenyewe aliniketisha mbele, kando ya mlango mpya, nikatangazwa mgeni mkuu. Mshereheshaji akawaeleza wageni kwenye kipaza sauti kwamba likitokea jambo lolote, injinia atatoka kwanza na wengine watamfuata.

Nilikunywa soda tatu kabla sijaelewa maana ya cheo hicho. Kila nilipojiinua kidogo kwenda msalani, ukumbi mzima uliinuka pamoja nami, akina mama wakikusanya mikoba, na bibi harusi akanitazama kwa wasiwasi. Nikaketi tena. Baadaye kidogo nilijaribu tena, nao wakainuka tena. Binti alikuwa salama, anacheka mbele ya ukuta wa dhahabu wenye mlango katikati, na nilifurahi kutoka moyoni. Nilifurahi nikiwa nimebana miguu, hadi saa kumi na mbili jioni.