Oili Nyepesi kwa Lori la Baba

Jumanne, Julai 1995. Manyunyu na baridi tangu asubuhi.

Lori la marehemu baba limezeeka, lakini nikilipanda bado namsikia akiimba. Fundi aliniambia niweke oili nzito. Mimi nikaona injini ni kama mzee, itapenda kitu chepesi kama uji, nikaweka nyepesi. Kwa hivyo kosa si la fundi. Kwenye mlima wa Kaplong ile oili iliungua, na moshi ukafunika majani chai ya majirani niliyokuwa nimebeba kupeleka kiwandani. Kiwandani mkaguzi alinusa gunia.

“Mzee, hii ni chai ama samaki ya kukausha?”

Yote yakakataliwa.

Jioni tulikula ugali na mursik, maziwa ya kibuyu kilichofukizwa.

“Kunywa, Baba Chebet,” mke wangu alisema. “Moshi ya hapa haikataliwi.”