Nilivyofufua pikipiki ya matairi manne Bwera, na siku niliyomshusha nayo mama mkwe kutoka mlimani

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimesoma nyuzi zenu miaka mingi bila kuchangia hata neno, leo na mimi nalipa deni. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Likiwa refu mnisamehe.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, ila maisha yalinitupa Uganda magharibi, wilaya ya Kasese, mji wa Bwera. Kwa wasiopajua, Bwera ni mpakani kabisa, ukitembea kidogo uko Congo. Kazi yangu ilikuwa kununua kahawa kwa wakulima milimani na kuishusha mjini. Nikaoa huko huko, binti wa Kikonzo, tukapata mtoto wa kike. Mama mkwe akatamka kwamba binti wa kwanza huitwa Masika, mjadala ukaishia hapo. Kwa hiyo huko najulikana kama Baba Masika.

Shida ya ile kazi ilikuwa njia.

Bodaboda zimejaa kila kona, lakini mvua ikipiga kule juu udongo unakuwa sabuni. Nilishaanguka na magunia mara nyingi mpaka goti langu likawa linajua hali ya hewa kabla yangu.

Basi, miaka ya 2014, 2015 hivi, nikasikia kwamba Ibanda, ile senta ya njia ya kupandia milima ya Rwenzori, kuna jamaa anauza quad. Pikipiki ya matairi manne. Nikaenda kuiangalia.

Wakuu, nilikuta kuku ameatamia mayai juu ya kiti. Sitanii. Mwenyewe akanisihi nimwinue taratibu asije akaacha mayai. Chini ya kuku kulikuwa na mashine nyekundu iliyofifia, tairi zimelala, taa moja haipo, waya zimetafunwa na panya. Alikuwa anabebea mizigo ya watalii, ikafa, akaisahau stoo.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikaona magunia yangu ya kahawa yanashuka bila kuanguka. Na niseme ukweli, nikajiona pia Jumapili nikiruka nayo matuta. Tangu utoto nilikuwa natamani chombo kama kile.

Tukaipakia kwenye lori dogo la kanta, tukapita Kasese mjini watu wanachungulia, mpaka Bwera. Mke wangu akatoka nje na unga mikononi, akaizunguka. Halafu:

"Baba Masika, hii umenunua, ama wamekupa uende kuitupa?"

Fundi wangu alikuwa Paluku, Mkongo wa Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza pikipiki upande wetu. Alipiga goti, akanusa tenki, akazungusha tairi kwa mkono, akainuka.

"Patron, moteri haikufa. Iko na njala tu. Kitu yenye kuniogopesha ni frein."

"Breki zina nini?"

"Hazina kitu. Ndiyo minasema. Hakuna frein. Tuanze pale, moteri itafuata nyuma."

Nilitaka tuanze na injini, si mnajua hamu ya kusikia kitu kinanguruma. Akagoma. Namshukuru mpaka leo.

Tukaanza. Masta silinda ya breki ilikuwa imeoza, ikatafutwa Kampala ikaja na basi. Pedi zilizokuja hazikukaa, Paluku akazipiga tupa taratibu mpaka zikakaa. Beringi za mbele zote mbovu. Tenki tulilimwagia kokoto na petroli, tukawa tunalitikisa kama watu wanaopepeta mchele, kutu ikatoka nyekundu kama chai. Karabureta ilikuwa na ute wa kijani. Siku injini ilipowaka, moshi ulijaa kibanda kizima, wabadili fedha wa jirani wakakimbia wakidhani ni moto.

Hapo ndipo nikanogewa. Nikasema kama tumefika hapa, tuiboreshe kabisa.

Tukaweka tairi za meno makubwa. Bomba la kuvutia hewa tukalipandisha juu karibu na usukani, ili injini isinywe maji nikivuka vijito. Mchomeleaji akatengeneza keria ndefu ya nyuma, gunia linalala lote. Na mbele nikafunga winchi, lile roli la waya wa chuma linaloendeshwa na betri, unanasa ndoano kwenye mti chombo kinajivuta chenyewe kutoka kwenye tope. Mke wangu aliiona winchi akasema hicho ni kichezeo cha mwanaume mzima. Sikubisha.

Sasa sikilizeni sehemu ya kwanza iliyoninyima usingizi.

Siku ya majaribio nilikuwa peke yangu juu yake, mke wangu amesimama getini na mtoto mgongoni. Nikashuka kamteremko ka nyuma ya nyumba. Nikaachia mafuta. Mashine haikupunguza mwendo. Nikaachia tena. Inazidi tu kuvuma! Waya wa mafuta ulikuwa umenasa. Nikabana breki, tairi zikakwaruza lakini injini inasukuma. Swichi ya kuzimia ilikuwa bado haijaunganishwa, tulikuwa tunaisubiri. Mbele yangu kuna ukingo, na chini ya ukingo ni nyumba za watu.

Nikakata kona kwenye shamba la mihogo la jirani. Niliilaza mihogo yote mpaka mashine ikajizima yenyewe kwenye tuta.

Nilipoinua kichwa nilimwona mke wangu anakuja mbio, mtoto analia mgongoni. Alinipapasa kichwa, mikono, mbavu. Alipoona nimepona akanisukuma kifuani.

"Mimi sitakaa juu ya hii kitu. Na mtoto wangu hatakaa. Umesikia?"

Nilisikia. Paluku alibadilisha waya mzima, akaunganisha swichi, akaweka na kamba ya kuvuta ya kuzimia injini, mwisho wake unafungwa kwenye mkono wangu. Lakini woga ulikuwa umeshaingia. Nilibeba kahawa msimu mzima bila tatizo, Jumapili nilicheza nayo uwanjani vijana wakishangilia, na bado kila nikiachia mafuta moyo unasimama kidogo nisikie kama sauti itashuka. Wenye vyombo mnanielewa.

Basi tufike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Simu ya mke wangu ikalia, ni shemeji yangu Bwambale, kaka yake. Mama yao anakaa milimani juu ya Kisinga. Ukuta wa jiko ulilowa kwa mvua ya wiki nzima, ukamwangukia. Paja limevunjika. Wanaume walikuwa wameshaanza kumbeba kwa machela, njia ikawa imekatwa na maporomoko, wenye kubeba wanateleza, wakamrudisha nyumbani. Bodaboda hakuna inayopanda.

Mke wangu alikata simu akanitazama. Alimwacha mtoto kwa jirani, akachukua godoro lake akalifunga kwenye keria, akapanda nyuma yangu.

Njia nzima nilisikia anasali kwa Kikonzo sikioni kwangu.

Kabla ya kuanza mlima kuna kijito, tulikivuka maji yakiwa chini ya ekseli. Nikafurahi kijinga. Juu kwenye maporomoko nilipita pembeni, tairi mbili kwenye udongo mbichi, kulia kwangu hakuna kitu, ni hewa tu na migomba iko chini kabisa. Sikutazama.

Tulimkuta mama mkwe amelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa fito, uso wa kijivu. Aliiona ile mashine akasema jambo kwa Kikonzo. Nikamuuliza mke wangu amesema nini.

"Amesema kama ni kufa, angependa kufia kwa kitu safi kidogo."

Tukampanga hivi: godoro kwenye keria, yeye amekaa ameegemeza mgongo wake kwenye mgongo wangu, mguu umenyooshwa kuelekea nyuma, mke wangu amejibanza pembeni ameshika ule mguu. Tukamfunga kwa shuka kiunoni mwangu. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali sana, hata mkono hatupeani. Sasa nasikia kila pumzi yake kwenye uti wangu wa mgongo. Kila jiwe nililopita, nilisikia maumivu yake kabla hajaguna.

Bwambale na wenzake wakafunga kamba nyuma, wakatushika tukivuka maporomoko, wakaendelea kutuzuia kwenye miteremko. Breki zikaanza kunuka. Nikasimama zipoe. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zimeisha?" Nikamwambia hapana. Sikuwa na uhakika. Nilihesabu pumzi za mama yake mgongoni mwangu, nikawasha tena.

Tukafika kwenye kijito.

Wakuu, hakikuwa kijito tena. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu zaidi, maji yamekuwa ya kahawia, yanabeba magogo. Ng'ambo bodaboda wamejipanga wanatazama. Upande wetu kuna wanajeshi wachache waliokuwa doria kwa miguu, nao wamekwama. Mkubwa wao akaja na kiganja mbele.

"Wewe! Zima hiyo mashine! Hakuna kuvuka!"

"Afande, nina mgonjwa."

"Naona. Macho niko nayo. Na maji naona. Unataka nizike watatu?"

Mke wangu akaanza kulia, kwa mara ya kwanza siku ile. Afande akamtazama, akamtazama mama, halafu akatazama mbele ya mashine.

"Hii waya inafika wapi?"

Nikamwambia inaweza kufika ng'ambo, ikibana kidogo.

Afande akafunga jiwe kwenye kamba ya Bwambale, akaitupa. Ikaanguka majini. Akatupa tena, bodaboda wakaidaka. Tukafunga ndoano ya winchi kwenye kamba, wakaivuta, wakauzungusha waya kwenye shina la mkaratusi. Waya ulibaki mizunguko michache tu kwenye roli. Kamba nyingine ikafungwa nyuma, wanajeshi na wanaume wa mlimani wakaishika.

Afande akanisogelea usoni. "Sikia. Usizime moto katikati. Ukizima, betri inakufa, winchi inakufa. Twende."

Nikaingia.

Maji yakaja miguuni, yakaja kwenye kiti. Katikati nikahisi tairi za nyuma zimeacha ardhi. Mashine ikaanza kugeuka, mkia unaelekea bondeni. Ng'ambo watu wakapiga kelele. Nyuma afande anafoka, "Vuta! Vuta, msiachie!" Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Nilikuwa na kidole kwenye swichi ya winchi na kingine kwenye mafuta, natetemeka mwili mzima.

Mama mkwe akasema kitu. Mke wangu akapaza sauti juu ya maji:

"Anasema uache kutetemeka, unamuumiza mguu!"

Sijui kwa nini, nikacheka. Kicheko cha mtu aliyechanganyikiwa. Lakini mikono ikatulia. Waya ukaendelea kuvuta kidogo kidogo, tairi za mbele zikagusa mawe, zikauma, tukatoka tukiwa tunachuruzika.

Kutoka pale mpaka hospitali ya misheni Kisinga ni tambarare. Bodaboda walitangulia wakipiga honi kama harusi. Manesi walipomfungua shuka, mgongo wangu ulibaki na baridi. Nikakaa chini kwenye nyasi. Mke wangu akaja akakaa pembeni yangu, akaegemeza kichwa kwenye bega langu lililolowa.

Mama mkwe alipasuliwa, akakaa hospitali muda mrefu, leo anatembea na fimbo. Mguu mmoja ni mfupi kidogo na anagombana na kila mtu.

Mngedhani woga wangu uliisha. Haukuisha, ulibadilika sura.

Habari ilisambaa mlima mzima. Tangu siku ile, mama mwenye uchungu, mtoto aliyeungua, mzee aliyezidiwa, simu inakuja kwangu. Wengine siwajui kabisa. Wengi tumewafikisha. Mmoja alikata roho njiani, nyuma yangu, na nikaendelea kuendesha mpaka chini kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Sasa mawingu yakikusanyika mlimani, naacha chakula nakwenda kukagua mafuta, betri, breki. Mtoto ananiuliza baba unaenda wapi, namwambia hapo tu.

Nilichojifunza ni kifupi. Ukifufua chombo, anza na cha kukisimamisha kabla ya cha kukiendesha. Usione aibu kufunga kitu ambacho mkeo anakiita kichezeo. Na ujue kwamba siku utakapomsaidia mtu mmoja mbele ya watu, hicho chombo hakitakuwa chako peke yako tena.

Sasa ushauri wenu. Kuna mtu wa Kasese anataka kuinunua hii quad, ana nia kweli, na mimi mgongo umechoka. Nikimuuliza mke wangu anasema, "Uza. Lakini wewe ndiye utapokea simu za wagonjwa uwaambie umeiuza."

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Wenye uzoefu wa milimani tiririkeni, nasoma zote.