Kanuni ya Nne

Kikundi chetu cha vijana nilikiandikia kanuni kumi za kuendesha mashua za tanga bwawani, chini ya milima ya Uluguru. Ya nne ilisema kwamba hakuna atakayetweka tanga kabla ya kuipindua mashua kwa makusudi karibu na ukingo, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, kisha kuiinua na kupanda tena. Asubuhi ile vijana wote walifaulu.

"Bado mmoja," alisema nahodha wao, binti wa kijiji cha Kinole. "Wewe, Mwalimu."

"Mimi ni mwandishi wa kanuni."

"Basi baki ukingoni, utuandikie nyingine."

Wakacheka. Nami nilitamani mno kuvuka bwawa nao, ingawa sikuwahi kuzamisha kichwa majini. Nikakaza vifungo vya jaketi, nikavua miwani, nikaegemea upande mmoja mpaka mashua ikapinduka.

Nilipoibuka sikuona kitu. Nilisikia tu sauti ya nahodha, akinipima kama nina fahamu: "Shikamoo, Mwalimu!"

Salamu hiyo haiachwi bila jibu. Nikatema maji kwanza.

"Marahaba!"

"Mzima huyo," akawaambia wenzake. "Haya, panda."

Nikaiinua mashua, nikapanda kwa jaribio la tatu, na kabla ya adhuhuri tukavuka.