Alama za Ng'ombe Aliyepotea

Nilirudi shule nikiwa na wajukuu watatu, na sikumwomba mtu ruhusa. Darasa letu la watu wazima lilikuwa Kimumu, Jumamosi asubuhi. Nilitoka nyumbani kijijini Ziwa nikishamaliza kukamua, nikafika na harufu ya maziwa mikononi, nikakaa mbele. Asiyeipenda harufu hiyo, nyuma kulikuwa na nafasi.

Nilitaka cheti cha kidato cha nne. Mwalimu wetu, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, alikuwa ametuambia wazi kwamba asiyeweza kuunganisha sentensi za Kiingereza kwa mdomo hatasajiliwa kwa mtihani. Mimi nilisema vipande vipande: nina ng'ombe, ng'ombe ni wa kahawia, basi. Who, which na whose, zile kamba za kufungia sentensi, zilinitoroka kila wiki. Jumamosi ya mwisho kabla ya usajili, mwalimu alinihurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Mama, hii Kiingereza isikusumbue. Ngoja tu mwaka ujao."

"Mwalimu, mimi nilikuja kusoma, sikukuja kungoja. Niulize."

"Haya basi. Elezea kitu yoyote unajua."

Nikamkumbuka ng'ombe wangu aliyewahi kupotea. Kwetu ng'ombe akipotea, huendi kwa jirani kusema ni wa kahawia tu. Wa kahawia wamejaa. Unatoa alama zake zote kwa mkupuo mmoja, mpaka mtu ambaye hajawahi kumwona aweze kumtambua katikati ya kundi. Kazi hiyo nimeifanya tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunifundisha. Nikasimama, nikamgeuza mwalimu kuwa jirani.

Nikasema kwa Kiingereza, bila kupumzika, kwamba ninamtafuta ng'ombe wa kahawia ambaye sikio lake la kushoto limechanika, ambaye huchechemea mvua ikinyesha, na ambaye humkimbia mwanamume yeyote anayepiga mluzi. Kila kamba ilikaza mahali pake. Nilijisikia mrefu kuliko ubao, wala sioni haya kusema hivyo.

Kisha mzee mmoja, mkulima mwenzangu, akainuka kule nyuma na kofia yake mkononi.

"Mama, alipitia upande gani? Twende tumtafute."

Mwalimu alicheka mpaka akaegemea meza. Akanipa fomu ya usajili, akaninyooshea na kalamu. Nilimrudishia kalamu yake. Nilikuwa nimekuja na yangu.