Nilipima nyumba za kijiji kwa project ya chuo, shangazi akauza ng'ombe wake

Wakuu, habari za mihangaiko. Anayetaka chai aende jikoni, mimi naeleza yaliyonikuta likizo hii bila kuongeza chumvi.

Nasoma usanifu majengo, mwaka wa mwisho. Mimi ni wale wa kusimama barabarani natazama ghorofa mpaka bodaboda wananitukana. Napenda miji, napenda software za kuchora. Naweza kukaa kwenye laptop siku nzima nazungusha nyumba ambayo haipo.

Kwa project ya mwisho nikachagua kijiji alikozaliwa baba, jirani na Nyamongo, wilaya ya Tarime. Wazo lilikuwa nipime nyumba zilizopo, halafu nichore mtaa ambao watu wa pale wangeupenda. Mimi nimekulia Serengeti, Nyansurura, kwenye mashamba na ng'ombe. Mambo ya mgodi wa dhahabu wa kule nilikuwa nayasikia tu.

Nikafikia kwa shangazi yangu, mjane, mama wa maneno machache. Kila asubuhi natoka na kipimo changu cha laser, kile kinachotoa kidoti chekundu ukutani. Ili nisichanganye michoro, kila nyumba niliyopima niliiandika namba kwa chaki pembeni ya mlango.

Watu wa Tarime mshanielewa.

Kwa wasiojua: kule mtu akipima nyumba na kuiandika namba, maana yake mgodi unataka eneo na fidia inakuja. Basi watu wanajenga haraka vyumba visivyo na mkaaji, ili navyo vihesabiwe. Vinaitwa tegesha.

Mimi sina habari. Naona tu naletewa soda kila nyumba, moyoni nasema kumbe usanifu una heshima yake!

Nikaenda Tarime mjini kuprinti michoro, nikakaa huko wiki nzima. Narudi, nyuma ya nyumba ya shangazi kuna chumba kipya. Tofali mbichi, bati juu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Na ng'ombe wake wa maziwa hayupo. Alikuwa naye huyo huyo mmoja, ndiye aliyekuwa anaendesha nyumba.

"Shangazi, mimi napima ya shule! Hakuna fidia!"

Akacheka. "Mura, kijana wangu, wapimaji wote husema hivyo. Nilijua hata wewe huwezi kunitamkia wazi."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaita watu, nikasimama nikasema ukweli. Wengine walikuwa wamefyatua tofali tu, wakanisonya yakaisha. Shangazi naye alisikia yote, akatangulia kurudi nyumbani.

Ng'ombe alishavuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya, hakuna wa kumrudisha. Nikamwambia shangazi, basi chumba hiki tukifanye cha kukaa mtu. Kichwani nilishachora dirisha kubwa upande wa upepo. Fundi kashika nyundo ananisubiri mimi, sijui nini kikanijia nikageuka nikauliza, "Shangazi, wewe unataka dirisha likae wapi?"

Akanitazama sana.

"Nimekaa nyumba ya baba, nikakaa nyumba ya mume. Hakuna aliyeniuliza hivyo."

Akazunguka mle gizani akipapasa kuta, taratibu. Nilitaka kulia, sioni aibu kusema. Mwisho akagonga ukuta wa upande wa zizi.

"Hapa."

"Lakini shangazi, zizi si tupu?"

"Najua. Utaniletea mwingine ukipata kazi. Nataka nimwone akiingia."

Nilichojifunza wakuu: nilikuwa na vipimo vya kila ukuta wa kijiji kile, na sikuwa nimemuuliza hata mtu mmoja anataka kuona nini akiwa ndani ya nyumba yake.

Dirisha lipo, na mimi chuo namaliza mwaka huu. Mliowajengea wazazi, hivi mliwauliza? Semeni hapa chini. Na wa kunitukana mje tu, nimeshazoea.