Mkono wa Genoveva Usioogopa Moto

Naandika haya nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuipoza kwanza. Genoveva ni jirani yangu huku ughaibuni, Etobicoke, mlango kwa mlango. Alitoka Ifakara mwaka 2003, akapata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya kutunza wazee, akamlea binti yake peke yake. Kila sherehe ya jumuiya yetu ya Watanzania Wakatoliki alipika chapati, laini, zinachambuka zenyewe. Harusi ikikosa chapati za Genoveva, watu walinung'unika hadi ndani ya magari.

Mwaka 2009 alitokewa na baka kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko, ngozi imepauka. Halikuwasha, halikuuma. Daktari wake wa familia akalitazama akiwa kitini, akasema ni fangasi, akaandika krimu. Krimu ikaisha, baka likabaki. Akaandika nyingine. Baadaye kidole cha mwisho kikaanza kufa ganzi. Akaambiwa ni kazi ya kufua, mshipa umebanwa, avae bandeji ngumu. Mara ni kisukari, akapimwa, hana. Mara ni msongo wa mawazo! Mwanamke anayecheka hadi anashika ukuta, msongo upi?

Nilimsindikiza kwa madaktari kadhaa. Hakuna aliyemgusa. Narudia: hakuna hata mmoja aliyeweka kidole juu ya lile baka akauliza, "Hapa unasikia?" Walipomuuliza ametoka nchi gani, akajibu Tanzania, mmoja akaanza kumsimulia safari yake ya kuona simba.

Na sisi watu wake je? Sisi ndio vichekesho. Jikoni kwenye ukumbi wa parokia, Genoveva alianza kugeuza chapati kwa vidole vitupu, kikaango kimewaka, mwiko umelala pembeni. Kwetu mpishi asiyeogopa moto ndiye fundi. Domina, mwenyekiti wa akina mama, akawaita wasichana: "Njooni muone mwanamke! Ninyi mnakimbia hata mvuke." Vigelegele vikapigwa. Genoveva akatabasamu, akazidi kugeuza.

Siku ya ubatizo mmoja, mwaka 2013, nilisikia harufu ya nyama inayoungua, na nyama ilikuwa bado haijatolewa kwenye friji. Nikageuka. Kidole chake cha mwisho kimelala juu ya kikaango, naye anaongea na Domina habari za kwaya. Nikauvuta mkono wake.

"Kuna nini?" akaniuliza.

Ngozi yake ilikuwa imebaki kwenye chuma.

Hospitali walifunga jeraha, wakamwita daktari wa ngozi, dada mmoja kijana. Huyu alichukua pamba, akamwambia Genoveva afumbe macho. "Sema nikikugusa." Akaipitisha pamba juu ya baka, akairudisha, akaipitisha tena. Genoveva kimya, anasubiri kuguswa. Kipande cha ngozi kikapelekwa maabara. Jibu likarudi: ukoma.

"Mbona wenzako hawakuuona?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

"Huku ni nadra sana," akasema. "Hakuna anayeufikiria."

Penye miti hapana wajenzi. Jiji limejaa hospitali, na mtu anapoteza mkono kwa sababu ugonjwa wake si wa hadhi ya kufikiriwa. Ulikuwa nadra kwao. Genoveva alikuwa anaamka nao kila asubuhi.

Alipewa vidonge vya mwaka mzima. Daktari akatueleza vizuri kwamba mtu akishaanza dawa, haambukizi. Lakini neva zilizokwisha kufa hazifufuki. Vidole viwili vilikuwa vimekunjika, na vingine havikuwa na nguvu.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Genoveva alimaliza dawa, akathibitishiwa amepona, na Pasaka ya 2015 akaja parokiani kupika. Domina akamzuia mlango wa jiko, sauti imejaa asali.

"Dada Geno, wewe pumzika tu. Watu wameuliza... unajua tena, kuna watoto."

"Domina," akasema Genoveva, "mkono huu ulipokuwa mgonjwa, wewe ulikula chapati zake, ukaita watu waje kuutazama. Sasa mkono umepona ndiyo unakumbuka watoto?"

Domina akapisha. Genoveva akaingia, akanawa, akakata donge la unga, akashika kifimbo cha kusukumia. Kikamponyoka. Akakishika tena, kikaviringika hadi sakafuni. Nikainama nikiokote, akanikata jicho, nikaacha. Akakiokota mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akajaribu mara nyingine, na donge likapasuka chini ya vidole vyake. Siku alipoambiwa ana ukoma hakulia. Sasa akalia kwa sauti, mbele ya wote.

Domina akanyoosha mkono kumshika bega. Kabla haujafika, akaurudisha.