Saa Kumi na Nane Kutoka Toronto

Baba alipopigwa na kiharusi, mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi kwetu Kalenga ukipanda basi asubuhi, jioni umefika. Dada yangu mkubwa alikuwa Toronto. Nikaomba likizo bila malipo, nikamwachia mume wangu nyumba, nikaja kumuuguza baba kwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukazaa mwingine.

Dada alipiga simu kila Jumapili. "Mdogo wangu, ningekuja, ila huku ni mbali mno. Saa kumi na nane hewani, na hapo sijahesabu kungoja Istanbul."

Nilimwamini. Siku moja, nikikoroga uji, niliangalia kwenye simu: zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Nikaona anasema kweli. Baba alitakiwa kugeuzwa kitandani asipate vidonda, na hakukubali mtu mwingine amshike. Nikienda Iringa mjini kufuata dawa, nilipita sokoni mbiombio kama mwizi. Mume wangu alikuja mara chache. Alikaa kama mgeni, akaondoka kama mgeni.

Halafu Jumanne moja dada akaniambia amekata tiketi. Ijumaa nikawa uwanja wa ndege wa Nduli, namwangalia akishuka, koti zito mkononi.

"Kamwene, mdogo wangu!"

"Kamwene, dada. Umefika upesi."

"Si ndege tu? Nimesinzia tukitoka Istanbul, kuamka niko Dar."

Nilibeba begi lake, nikihesabu moyoni: Jumanne hadi Ijumaa, siku tatu tu. 

Jioni ile tukawa jikoni, tunamenya viazi. Nikamuuliza, "Kwa nini miaka yote hii ulisema ni mbali?"

Kisu chake kikasimama. "Kuja si kazi. Niliogopa nikishafika mtaniambia nisirudi. Nitakuwa kama wewe."

"Kama mimi vipi?"

Akatupia jicho mlango wa chumba cha baba. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana lile ambalo ndugu na majirani wote walikuwa wanalizunguka kwa sifa, kwamba mimi ni mtoto mwema na Mungu ataniona, yeye alikuwa amelitaja jinsi lilivyo. Nilikuwa nimefungwa.

"Nenda kwako kesho," akasema. "Nitakaa naye wiki tatu."

Basi lilipopita Makambako bado nilikuwa nimetega sikio kama baba ataita. Nyumbani kwangu sikujua chumvi inakaa wapi, ikabidi nimuulize mume wangu. Nililala mchana kutwa. Siku ya tatu dada akapiga simu analia: baba amekataa kula, ananitaka mimi. Mume wangu alikuwa ananitazama. Nikamwambia dada ampe uji mwepesi, amkalishe dirishani, angoje. Kisha nikazima simu.

Baba alikula kesho yake.

Siku hizi dada huja kila mwaka, kwa wiki zilezile tatu. Akifika namwonyesha dawa, nachukua begi langu, naondoka. Siku ninaporudi kwa baba, gari la kumpeleka Nduli huwa limeshawashwa. Tunasalimiana mlangoni, tunaulizana baba amelalaje, basi. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulikaa tukanywa chai pamoja.